Boksi la Maneno

Kwanza ulikuwa mto. Mama Sindano alikuwa akitandika kitanda asubuhi moja, akaushika mto wa mumewe ili aukung'ute, akaona ni mwepesi kupita kiasi. Akaubinya. Foronya ilikuwepo, ganda la mto lilikuwepo, lakini sufi ya ndani ilikuwa imepungua mpaka mto umelala bapa kama mfuko mtupu. Akaugeuza upande wa mshono. Mshono ulikuwa umefumuliwa kisha ukashonwa upya, tena vibaya, nyuzi zimerukaruka kama nyayo za kuku. Yeye alikuwa fundi cherehani. Mambo mengi angeweza kuyafumbia macho, lakini si mshono kama ule ndani ya nyumba yake.

Sasa wewe niambie: mwanamume mzima, msagaji wa nafaka, mtu wa kurudi nyumbani mweupe pe kwa unga mpaka mtaa mzima ukambandika jina la Chekeche, anafumua mto wa kitanda cha ndoa ili iweje?

Alimuuliza jioni ile ile. Chekeche alikuwa ameketi kibarazani, ameinama, anavua viatu vya kazini.

"Baba, mto wako umekuwaje?"

Chekeche akaendelea kuvuta kamba za kiatu.

"Baba, nasema na wewe."

Chekeche akavua kiatu cha pili, akakikung'uta unga, akakipanga sawasawa kando ya mwenzake. Kisha akainuka, akamtazama mkewe, akatabasamu. "Leo umepika mapema," akasema, akaingia zake ndani.

Mama Sindano akabaki mlangoni na swali lake mkononi. Haikuwa mara ya kwanza. Kwa muda sasa mume alikuwa amegeuka mtu wa ajabu: ukimuuliza hiki anakujibu kile, ukimwita anapita, ukimlaumu anaitikia ndiyo. Na huyu zamani alikuwa mtu wa mdomo, mwenye utani mpaka wa misibani. Watoto walikuwa wameshaota mbawa, wameruka zao, nyumba imebaki na watu wawili na cherehani moja. Katika nyumba ya watu wawili, mmoja akinyamaza, mwenzake anabaki kuongea na ukuta.

Siku ya kufua ndipo mambo yalipozidi. Miaka yote alikuwa akizifua suruali za msagaji, na aliujua unga kama ajuavyo uzi: unga ukiingia majini, maji yanageuka maziwa, basi. Safari hii, maji yalipotulia, kitu kikaelea juu. Akakiteka kiganjani. Vilikuwa vumbi na vinyuzi vya mbao. Akavinusa, vikanuka gundi.

"Mbao tena," akasema peke yake. "Huyu anajenga." Na mume akijenga bila mkewe kujua, ujue kuna wa kumjengea.

Hakumaliza kufua. Alijitanda kanga akaenda moja kwa moja kwa seremala, rafiki wa siku nyingi wa Chekeche, mtu mwenye penseli sikioni ambayo hakuna aliyewahi kumwona akiitumia.

"Shemeji, karibu," seremala akasema bila kuacha kupiga randa.

"Mume wangu hupita hapa?"

"Mumeo? Huyo amehamia hapa. Mbao nimemkatia mimi, ila kuunga anaunga mwenyewe huko nyumbani. Hataki mkono wa mtu."

"Anaunga nini?"

Randa ikasimama. "Hujui? Boksi la spika." Seremala akaona uso wa shemeji yake, akatamani kuyameza maneno yake.

"Najua bwana," Mama Sindano akadanganya. "Nilitaka kujua limefikia wapi."

Fundi yeyote ukimuuliza habari za kazi, hofu humtoka. Seremala akaiweka randa chini. "Shemeji, maboksi ya spika nimeanza kuyatengeneza tangu enzi za kaseti. Kila mteja analilia jambo moja, boksi lisitetemeke. Likitetemeka linakula muziki. Mumeo kanijia na mpya. Yeye anataka litetemeke. Tena kifuniko cha juu anataka ubao mgumu mtupu, bila zulia, bila kitambaa. Nikamwambia, ndugu yangu, hiyo si spika, hiyo ni homa. Akacheka tu."

"Na sufi je?"

"Ah, sufi ni ya ndani, unaigandisha kwenye kuta. Bila kitu laini, sauti ya mtu inatoka kama yuko kisimani. Kwa muziki si neno sana, lakini yeye kasema lake si la muziki."

"La nini basi?"

Seremala akapuliza vumbi juu ya meza. "Kasema ni la maneno."

Njia nzima ya kurudi, neno hilo lilimtembea kichwani. La maneno. Nyumbani kwake maneno yalikuwa yamekauka, na kumbe kuna mahali yanaundiwa boksi, tena kwa sufi ya mto wake. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa anaogopa, na kilichomuudhi zaidi ni huko kuogopa.

Sasa, jirani yake wa ukuta mmoja aliitwa Redio Mbao, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Habari ilikuwa haijapoa kwa wenyewe, yeye ameshaifikisha mwisho wa barabara. Kesho yake alikuja na gauni la kupunguzwa pindo, gauni ambalo Mama Sindano alijua fika halina haja ya kupunguzwa.

"Mimi si mtu wa kusema ya watu," Redio Mbao akaanza, na Mama Sindano akajua kwamba anakuja kusema ya watu. "Lakini wewe ni kama dada yangu. Umeshapita pale kwa msusi, yule binti wa kona?"

"Nilimshonea sketi. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ila nimepita pale nikamkuta shemeji yangu amekaa juu ya ile spika kubwa. Juu yake kabisa. Amefumba macho, mkono ameuweka juu ya ubao, anaupapasa." Redio Mbao akainamisha kichwa kwa huruma. "Mimi nimeona tu. Sijasema kitu."

Mama Sindano akaling'ata pindo la gauni, akakata uzi kwa meno. "Njoo ulichukue jioni," akasema. Mgeni alipotoka, akafunga mashine, akaenda kwenye kona.

Saluni ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kirefu, benchi la wateja, na spika nyeusi iliyofika magotini, inapiga muziki mpaka machanuo yanacheza kwenye kopo. Jicho la Mama Sindano halikwenda kwa msusi. Lilikwenda juu ya ile spika. Pale, juu ya ubao mweusi, palikuwa na alama mbili nyeupe za duara, zimekaa jirani kama mapacha. Hakuhitaji kuambiwa ni unga, wala ni makalio ya nani.

"Karibu, mama," msusi akasema. Alikuwa msichana mwembamba mwenye adabu, na adabu yake ikamchefua Mama Sindano. "Unasuka leo?"

"Nimekuja kuona kama sketi imekukaa."

"Imenikaa kama nimezaliwa nayo." Msusi akageuka aonekane vizuri. "Na baba yetu mwambie asione haya, aje tu. Hana shida na mtu. Anakaa zake pale, anafumba macho, akimaliza anashukuru anaondoka."

Mama Sindano akawaza moyoni. Huyu mwizi anakuonyesha mpaka ngazi aliyopandia ukuta. Akaaga kwa heshima zote, akarudi moja kwa moja nyumbani.

Stoo ya nyuma ya nyumba ilikuwa na kufuli, na ufunguo wake ulikaa juu ya fremu ya mlango tangu siku walipohamia. Chekeche hakuuondoa. Hata hilo Mama Sindano alilihesabu kuwa ni dharau, kwamba mtu anakuficha jambo na hajali hata kuuficha ufunguo. Akafungua, akaingia.

Boksi lilikuwa katikati ya sakafu, bado halina mgongo. Alichungulia ndani akaiona sufi yake, imegandishwa kwenye kuta zote kwa gundi, imesawazishwa kwa uangalifu ambao mshono wa mto haukuupata. Mbele palikuwa na tundu la duara lililokatwa kwa msumeno mwembamba na kupigwa msasa mpaka kingo zimekuwa laini. Spika yenyewe ilikuwa kando, imefunikwa kitambaa cha pamba, koni yake ya karatasi nyeusi imetazama juu. Nyaya mbili, mwekundu na mweusi, zilikuwa zimeshapitishwa kwenye kijitundu cha nyuma. Ilikuwa kazi safi. Laiti angeikuta kwa mtu mwingine angeisifu.

Kisha akautazama ubao wa juu. Ubao ule ulikuwa umechongwa bonde dogo katikati, bonde la kukalia. Hili halikuwa boksi la kuweka pembeni. Lilikuwa kiti.

Futi ilikuwa shingoni mwake, kama siku zote. Akaivuta, akalipima lile bonde upande hadi upande. Ajifunike atakavyo, mtu hawezi kumficha fundi cherehani nyonga zake, na Mama Sindano alizijua nyonga za mtaa mzima kwa kichwa. Zake mwenyewe hazikuwa zile. Zake zingemwagika pande zote mbili. Akatulia, akakumbuka vipimo vya sketi ya msusi, akaitazama tena futi. Vilikuwa ni vile vile.

Akakaa chini, juu ya vumbi la mbao, akalia kidogo. Kisha akajifuta kwa ncha ya kanga, akafunga mlango, akaurudisha ufunguo mahali pake.

Alikuwa amebakiwa na swali moja tu, na aliliweka siku kadhaa kabla ya kulitoa. Alingoja mpaka Chekeche arudi, aingie stoo, aanze kupiga msasa. Akasimama mlangoni. Mume alikuwa amempa mgongo, mabega yake yanakwenda mbele na nyuma, na mwanga wa dirisha umeangukia kisogo chake cheupe kwa unga. Mama Sindano hakupaza sauti. Swali kama lile huwezi kulipigia kelele.

"Niambie ukweli tu," akasema. "Umenichoka?"

Chekeche aliona kivuli cha mkewe ukutani, akageuza kichwa nusu, akatabasamu. "Ndiyo," akasema. "Ndiyo, mke wangu." Kisha akarudi kwenye msasa wake.

Jioni ile hakula. Akamwambia mume tumbo linamuuma, na mume akamjibu kwamba mvua haitanyesha.

Jumamosi mashine ya kusaga ilifungwa mapema, na Chekeche alishinda stoo akimalizia kazi. Mama Sindano alikuwa ameshapanga nguo zake kwenye begi. Angekwenda kwa dada yake, na huko wangejua la kusema. Lakini hakuwa tayari kuondoka akiacha kile kiti kizima kinamsubiri mwenziwe. Akachukua mkasi mkubwa wa chuma, ule wa kukatia makoti aliorithi kwa mama yake, akapita uani. Koni ya spika ni karatasi tu. Mkasi ungeipasua kwa pigo moja, na hakuna gundi ya kuiunga tena.

Mlango ulikuwa wazi. Boksi lilikuwa limekamilika, mgongo umeshagandishwa na kukazwa skrubu pembe zote, spika imeshakaa kwenye tundu lake. Chekeche alikuwa amekaa juu yake, ameupa mlango kisogo, ameinama anafunga waya kwenye amplifaya ndogo iliyokuwa sakafuni. Taa ya kijani ikawaka.

"Basi nakaa naangalia," Mama Sindano akaanza. "Sufi yangu umeichukua. Mto wangu umeufumua. Unamchongea mtu kiti kwa vipimo vyake, mbele ya macho yangu, na nikikuuliza unanijibu ndiyo, bila haya, kama unayeagiza chai. Nimekukosea nini mimi?"

Chekeche aliendelea kukaza waya. Hata bega halikusogea.

Akainua mkono kulionyesha boksi, na mkasi ukamponyoka. Ulianguka kwenye sakafu ya saruji kwa kishindo mpaka kuku uani wakaruka, na ng'ambo ya ukuta Redio Mbao akauliza, "Kuna nini huko?"

Chekeche hakushtuka. Hakugeuka. Akapuliza vumbi kwenye kitufe cha amplifaya, akakipangusa kwa kidole.

Hapo Mama Sindano akasahau begi. "Baba," akaita polepole. Kisha kwa nguvu, "Chekeche." Kisha akaita jina jingine, lile la ujana wao, la chumbani, ambalo halijawahi kuvuka mlango wa nyumba. Mume akainama zaidi, anatafuta bisbisi yake iliyobingirika chini.

Mama Sindano akapiga hatua moja mbele, nzito, kwa kisigino.

Chekeche akageuka papo hapo. "Umekuja," akasema kwa furaha. Kisha akauona uso wa mkewe, na mkasi sakafuni, na furaha ikamtoka.

Mama Sindano akamsogelea. Alinyoosha kidole akamgusa sikio. Chekeche alikuwa akiitazama midomo yake, na sasa Mama Sindano aliona kwamba huko ndiko amekuwa akitazama siku zote hizi. Alidhani ni kukwepa macho.

"Tangu lini?" akauliza, polepole, kwa midomo.

Chekeche akashusha mabega. "Zilianza kuondoka sauti zile nyembamba. Ndege. Kisha simu. Kisha wewe." Akaitazama mikono yake. "Daktari kasema ni mashine, miaka yote ile ya kelele. Masikio hayarudi. Na kidogo kilichobaki nacho kinaaga."

"Na kazi unafanyaje?"

"Mashine huisikilizi kwa masikio. Ikianza kuugua unaijua kwa nyayo. Hata wewe nimekujua sasa hivi kwa nyayo."

"Mbona hukuniambia?" Safari hii alipaza sauti, bila kukusudia, na mishipa ya shingo ikamsimama.

Chekeche akaionyesha ile mishipa. "Kwa sababu ya hiyo hiyo. Ningekwambia, ungeanza kunipigia kelele. Mke anayempigia mumewe kelele toka asubuhi, hata akikwambia chakula tayari, unaona ugomvi. Mimi niliitaka ile sauti unayoongea ukiwa unashona."

Kisha akamweleza habari za saluni. Alikuwa amempelekea msusi kifuko chake cha unga, akachoka, akaketi juu ya spika bila kujua. "Mke wangu, nilisikia mtu anaimba. Hapa." Akagusa kiuno, akapandisha mkono uti wa mgongo. "Yule mtoto alinicheka, lakini hakunifukuza. Nikasema, kama mbao inaweza kumleta mwimbaji nisiyemjua, itashindwaje kumleta wangu?"

Mama Sindano alikuwa amemshika nyonga kwa mikono miwili. Vidole vya fundi havidanganyiki. Alipapasa suruali, akakuta kitambaa kimekunjwa chini ya mkanda, na mkanda wenyewe umetobolewa matundu mapya kwa msumari. Suruali zote hizo alizishona yeye, kwa vipimo vya zamani, kwa sababu nani anampima mumewe kila mwaka? Alikuwa amekonda kiasi cha kuenea kwenye sketi ya msusi, na mtu pekee mtaani ambaye hakumpima alikuwa huyu anayelala naye.

"Umekonda, baba," akasema. Chekeche alisoma midomo, akaitikia kwa kichwa, na safari hii alikuwa amesikia.

Kisha akainuka, akatoa maikrofoni mfukoni mwa koti lililotundikwa. Waya wake ulikuwa mrefu ajabu. Ulitosha kutoka stoo, kupita chini ya dirisha na kukatisha ua. "Nimeupima ufike kwenye cherehani yako," akasema. "Wewe ushone, uongee mambo yako. Mimi nitakaa hapa. Nenda ujaribu."

Mama Sindano akauvuta ule waya mpaka chumba cha kushonea. Akaketi nyuma ya mashine. Kwa dirisha aliweza kumwona mumewe ng'ambo ya ua, amekaa juu ya boksi, viganja ameviweka juu ya ubao, macho ameyafumba. Alikuwa ameandaa maneno ya wiki nzima, makali na yenye ncha, na sasa hata moja halikuja. Likabaki lile moja.

"Umenichoka?" akauliza, kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kushonea.

Chekeche alikuwa amelifungulia boksi sauti kiasi cha mifupa yake, si kiasi cha mtaa. Swali likatoka stoo kama ngurumo, likavuka ukuta, mabati yakaitikia, na barabarani mtu wa baiskeli akasimama. Juu ya boksi, Chekeche akafumbua macho.

"Swali gani hilo?" akasema kwa nguvu, kama wasemavyo wasiosikia. "Nani kakwambia nimekuchoka?"

"Wewe. Nilikuuliza, ukasema ndiyo."

Mama Sindano alimwona anarudi nyuma siku moja moja, anazitafuta ndiyo zote alizowahi kuzitoa bila kujua anaitikia nini. Kisha akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Ningekuwa nimekuchoka," Chekeche akasema, "ningeyaacha haya masikio yaende zake."

Ng'ambo ya ukuta hapakusikika kitu. Redio Mbao alikuwa amesimama pale pale na ndoo mkononi, ana habari kubwa kuliko zote alizowahi kupata, na hakuna wa kumpelekea, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa umeshaisikia.

Mama Sindano akaisogeza maikrofoni karibu, akaishusha sauti. Machozi yalikuwa yanamtoka, akayaacha.

"Haya, sikiliza basi," akasema. "Tuanze na ule mshono wa mto."

Kule stoo, kabla mkewe hajafika mbali, Chekeche akaanza kucheka.